Pinpointer ya mwanzi ya Fundi Idi ilivyoupata mpaka wetu Nyansiongo

Wakuu, salamu kutoka Nyansiongo kwenye ukungu na baridi ya asubuhi. Wazee wenzangu, mmeamkaje? Vijana, mimi nimeshaitikia marahaba kabla hamjaandika.

Juzi niliona humu jukwaani watu wakibishana kama pinpointer, ile fimbo ndogo ya kukuonyesha chuma kilipo hasa ndani ya shimo, ina kazi yoyote au ni kupoteza pesa. Mmoja akaandika, "Ukiwa na detector kubwa ya kutafuta chuma, hiyo fimbo ndogo ni ya nini? Signal ikilia, chimba."

Nikaweka simu chini. Nikasema huyu kijana lazima nimsimulie.

Nitakayoandika yalinipata mimi mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sitajisafisha. Nilipokosea nitasema nilikosea. Wengi waliokuwepo siku ile wameshalala, na wa kunisuta amebaki mke wangu Moraa tu, ambaye sasa hivi anasoma begani kwangu.

Twende.

Wazungu walipoondoka huku, mashamba yao makubwa yalikatwa ploti, watu wakatolewa vijijini kwenye msongamano wakaja kupewa. Baba yangu alipata ploti moja. Alipofariki nikabaki nayo mimi, kijana wa miaka ishirini na sita, mke mmoja, mtoto mmoja anaitwa Kerubo, ng'ombe wa gredi wawili na kiburi cha ng'ombe kumi.

Jirani yangu wa ubavuni alikuwa mjane, Bosibori. Sisi wote tulimwita Omong'ina, ndivyo huku tunavyomwita mama mzee kwa heshima. Mama mfupi, Msabato wa kweli kweli, hakuwa na maneno mengi.

Mpaka wa ploti zetu ulikuwa na pini mbili za chuma. Wale surveyor, wapima ardhi wa skimu ya makazi, walizisimika kwenye zege, moja juu barabarani, moja chini karibu na mto. Ukivuta kamba kati ya hizo mbili, huo ndio mpaka. Hakuna mjadala.

Pini ya juu ilikuwepo, kila mtu aliiona.

Ya chini ilikuwa imepotea.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba mpaka ni ua wa waya wa zamani ulioachwa na mzungu. Omong'ina akasema hapana, ule ua ulikuwa wa kuzuia ng'ombe wa mzungu tu, pini ilikuwa ndani zaidi, upande ninaolima mimi. Kati ya maneno yake na maneno yangu kulikuwa na kipande cha ardhi chenye umbo la kabari, chembamba juu, kipana chini, chenye udongo mweusi ambao mahindi yake hukuhitaji kuyabembeleza.

Na kwenye kipande hicho ndipo ilipopita njia ya ng'ombe wake kwenda mtoni, maana kwingine kwake ukingo ulikuwa genge tupu.

Nikaifunga ile njia. Nilikata miiba nikaipanga, nikapanda mahindi juu yake.

Sasa Omong'ina akawa anazunguka na ng'ombe wake kwa barabara, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kwenye tope. Ndama wake mmoja aliteleza darajani akavunjika mguu, wakamchinja. Alikuja kusimama kwenye miiba yangu akaniambia, "Makori mwanangu, mimi sitaki kugombana. Nataka tu maji ya ng'ombe."

Nilimjibu, "Nionyeshe pini, Omong'ina. Bila pini hakuna njia."

Wakuu, hilo neno ndilo lililoleta haya yote.

Kesi ikafika kwa sub-chief. Huyo alikuwa mtu wa haki, mzito kidogo wa kuamua. Alikwenda ofisi ya ardhi kuuliza, akarudi na majibu: surveyor wapo wachache, foleni ni ndefu, huenda mwaka ukapita na mwingine. Lakini pini ikipatikana mahali pake ilipowekwa, haijang'olewa, basi mpaka umepatikana.

Akasisitiza, nakumbuka alinyoosha kidole: "Isiguswe. Pini iliyong'olewa si pini tena, ni chuma chakavu. Na aliyeing'oa ana kesi ya jinai."

Huku kwetu, kusogeza mpaka si kosa la serikali tu. Watu waliogopa laana yake. Ukoo mzima unaweza kukwepwa.

Kwa hiyo tatizo likawa hili. Pini iko chini ya udongo, mahali fulani kwenye eneo kubwa kuliko uwanja wa shule. Ukiichimbia kwa jembe bila kujua ilipo, unaweza kuigonga ukaing'oa, na hapo hakuna tena ushahidi.

Nikamkumbuka Fundi Idi.

Fundi Idi alikuwa fundi redio Kisii mjini. Babake alikuwa Mwislamu aliyekuja na biashara kutoka pwani, mamake Mgusii wa Marani. Kiswahili chake kilikuwa kama maji, na Ekegusii pia alikizungumza kama sisi. Ukileta redio iliyokufa, hakuifungua kwanza. Aliiweka sikioni, akaitikisa polepole, akasikiliza. Mimi na yeye tulipatana tangu siku aliyoniponyea redio ya marehemu baba yangu.

Mzungu mmoja alipouza vitu vyake kwa mnada ili aondoke, Idi alinunua detector kubwa iliyoharibika. Mti mrefu, sahani chini, headphone za ngozi. Mzungu aliitumia kutafuta mabomba ya maji yaliyofukiwa shambani. Idi akaifufua. Watu wakaanza kumwita kutafuta mabomba, funguo, hata jembe la plau lililozama kwenye tope.

Lakini aliniambia ilikuwa inamtesa. Hiyo mashine kubwa inakwambia, "Kuna kitu hapa," na hiyo "hapa" yake ni upana wa karai. Unachimba shimo la kuzika mbuzi, unatafuta ufunguo wenye urefu wa kidole. Au unaukata na jembe. Halafu udongo ukishautoa, hujui kitu kimebaki shimoni au kimo kwenye lile rundo.

Basi akakaa dukani kwake, akatengeneza kidude.

Alichukua kipande cha mwanzi, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Kwenye ncha akaingiza kile kijiti cheusi kinachokuwa ndani ya redio, kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Akaziba kwa nta ya nyuki ili maji yasiingie. Waya ukapanda hadi kwenye redio ndogo ya transistor aliyoitia kwenye mkoba wa turubai na kuuning'iniza begani. Sikioni, earphone moja.

Ukiiwasha, inalia kama mbu. Ukiisogeza karibu na chuma, mbu anapandisha sauti. Ukigusa karibu kabisa, mbu anakuwa filimbi.

Sijui Ulaya wakati huo walikuwa wametengeneza nini. Mimi najua tu kwamba Kisii mjini, nyuma ya duka la nguo, kulikuwa na mtu ameshika pinpointer ya mwanzi na hakuwahi kuona nyingine kama hiyo popote.

Nilimwendea nikamwambia, "Idi, njoo unitafutie pini yangu."

Akaniuliza, "Yako au ya mpaka?"

"Si ni hiyo hiyo."

Akanitazama kidogo. "Sawa. Nitakuja. Lakini sub-chief awepo, na huyo mama awepo."

Nilikubali haraka. Mimi nilijua itatokea wapi. Usiku kucha nilikuwa naiona iko chini ya ua wa mzungu. Ni Moraa peke yake aliyeniuliza, wakati tunakunywa uji, "Baba Kerubo, na ikitokea kwingine?"

Nikamwambia aendelee na uji wake.

Siku yenyewe Idi alishuka kwenye lori la maziwa asubuhi, detector begani, kile kidude kimefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Sub-chief alikuja na wazee wawili. Omong'ina alikuja na birika la chai na vikombe. Nilishangaa. Mtu ninayemfungia njia analeta chai.

Idi akaanza na vitu ambavyo mimi niliona ni mchezo. Akatutaka sote tusogee hatua kumi. Majembe na panga zote zikawekwe mbali. Akavua mkanda wake wenye kifungo cha chuma, akavua saa. Akamwomba mzee mmoja atoe kisanduku cha tumbaku mfukoni. Kwenye mkoba akatoa mwiko wa kusongea ugali.

Sub-chief akacheka. "Fundi, umekuja kupika?"

"Mwiko hauna chuma, mzee," Idi akamjibu. "Na hauna haraka."

Tukaanza kwenye ua wa mzungu, kama nilivyotaka mimi.

Hapa nataka wale wa 'chimba tu' wasome polepole. Alipitisha detector kubwa kwenda na kurudi, kisha akaipitisha kwa kukata msalaba. Pale mistari miwili ilipokutana akaweka jani. Akakata nyasi kwa ubao mwembamba uliochongwa, akazifunua kama kifuniko cha sufuria, mizizi yote salama. Halafu akapiga magoti, akaingiza ncha ya mwanzi kwenye shimo.

Akagusa ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, uso wake ule ule. Kisha chini. Hapo uso wake ukabadilika kidogo. Akachota kwa mwiko mara mbili, akaingiza vidole, akatoa boliti ya plau.

Shimo lenyewe lilikuwa dogo kuliko kikombe. Akarudisha zile nyasi akazikanyaga, na mpaka leo nikikupeleka huwezi kuona alichimba wapi.

Signal ya pili, mkebe wa samaki. Ya tatu, kiatu cha farasi. Wazee walifurahia kiatu cha farasi wakakipitisha mkono kwa mkono. Mimi sikufurahi. Ua ulikuwa umekwisha, tumefika mtoni, na pini hakuna.

Idi akafuta mikono. "Sasa tuingie kwenye mahindi."

"Huko ni kwangu," nikasema.

Sub-chief akasema, "Kama ni kwako, Makori, unaogopa nini?"

Nikasogea nikampisha Idi.

Aliingia kati ya mistari, anapitisha sahani taratibu asivunje mahindi. Mimi nilimfuata nyuma kwa sababu ni shamba langu, wengine walibaki pembeni. Kama hatua ishirini na tano kutoka kwenye ua, akasimama. Akarudi nyuma. Akakata msalaba. Akaweka jani.

Akapiga magoti na kile kidude.

Wakuu, kumbukeni earphone ilikuwa moja. Hakuna mwingine duniani aliyesikia alichosikia Idi. Mimi niliona tu shingo yake ikikakamaa. Akainua ncha, akaishusha tena, sentimita kwa sentimita. Kisha akageuza kichwa akanitazama.

Na mimi, mbele ya Mungu, nilimtikisia kichwa.

Kidogo tu. Maana yake: achana nayo. Sema ni mkebe mwingine. Twende tukanywe chai.

Nimebeba hiyo sekunde moja miaka yangu yote. Sikumwambia neno. Lakini yeye alielewa na mimi nilijua ameelewa.

Aliinamisha macho akaendelea kuchota udongo kwa mwiko.

Nikamnong'oneza, "Idi, mimi ndiye niliyekuita."

Akanijibu kwa sauti ndogo vile vile, bila kuinua uso, "Uliniita kutafuta, ndugu yangu. Hukuniita kuficha."

Halafu akaita kwa sauti, "Omong'ina! Njoo usikie."

Mama akaja akiinua sketi yake juu ya mahindi. Idi akatoa earphone sikioni mwake, akaipangusa kwa shati, akamtia yeye sikioni. Akamshika mkono, wakashika mwanzi pamoja, wakaushusha shimoni.

Niliona macho ya yule mama yakipanuka.

"Kinapiga mluzi," akasema. Kisha kwa Ekegusii, taratibu, "Mbuya mono." Vizuri sana. Akaketi hapo hapo chini, katikati ya mahindi yangu, earphone bado iko sikioni.

Sub-chief naye akapewa asikie. Wazee wakasikia. Mwisho Idi akanipa mimi. Ile filimbi, wakuu, niliisikia hadi kwenye meno.

Akachota tena. Kichwa cha pini kikatokea, chekundu kwa kutu, kimelala ubavu. Kando yake vipande vya zege lililovunjika.

Hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Mzee mmoja akasema kwa ukali, "Imelala! Hii imeng'olewa ikafukiwa!" Wote wakageuka kunitazama mimi. Sub-chief hakuwa anacheka tena.

Kupoteza kipande cha shamba ni jambo moja. Kuitwa mng'oa mpaka ni jambo lingine kabisa, na mtoto wako atalibeba hilo jina hadi kuolewa.

Mzee mwingine akataka jembe liletwe, pini ivutwe juu ionekane vizuri.

"Mtu asiguse!" Idi akasema. Ndiyo mara ya pekee nilimsikia akipaza sauti. "Chuma hiki kinalia hadi chini. Nipeni nafasi."

Akaanza tena. Aliizunguka ile pini kwa ncha ya mwanzi, akisikiliza pande zote nne. Kule kichwa kilikoelekea, akatuambia, filimbi iliisha mara. Lakini upande wa pili, filimbi iliendelea moja kwa moja kwenda chini. Akawa anachota kijiko, anasikiliza, anachota kijiko, anasikiliza. Jua likapanda. Chai ya Omong'ina ikapoa. Hakuna aliyeondoka.

Na polepole tukaiona. Pini haikuwa imeng'olewa. Ilikuwa imepinda. Sehemu ya juu imelazwa, lakini mguu wake ulikuwa umesimama wima kama siku uliposimikwa, umeshikwa na zege la chini ambalo halijatikisika.

Kwenye ubavu wa chuma palikuwa na mkwaruzo mrefu, ung'avu wake haujaisha.

Idi akapitisha kidole juu yake. "Plau," akasema.

Ndipo nikakumbuka. Msimu uliotangulia nilikodi trekta. Dereva alipofika pale chini aligonga kitu, akasimama, akaniita. Mimi niko mbali, nina haraka, nikampungia mkono, "Piga tu, ni jiwe!"

Ni mimi niliyeilaza pini. Kwa mdomo wangu. Halafu nikaenda kumwambia mjane, nionyeshe pini.

Nilisema hivyo mbele yao wote. Sijui nguvu niliipata wapi, labda ni kwa sababu nilimwona Moraa amesimama pembeni na Kerubo mgongoni, ananisubiri. Nikaeleza trekta, nikaeleza jiwe. Nikamwambia Omong'ina, "Ndama wako alikufa kwa sababu yangu."

Nilidhani mama atalia au atanitukana.

Akasema, "Uliyopanda vuna. Hukupanda ukijua. Lakini njia, nataka leo."

Niliiondoa ile miiba kwa mikono, sikungojea panga. Jioni ile ile ng'ombe wake walipita katikati ya mahindi yangu wakaenda mtoni, na walikanyaga mistari kadhaa. Baada ya mavuno nikavuta kamba kutoka pini hadi pini, na kipande chote kikarudi kwake. Tena nilimpelekea ndama jike wa kwanza aliyezaliwa kwangu. Alikataa mara mbili, ya tatu akampokea.

Sub-chief aliandika ripoti yake: pini imepinda kwa plau, haijang'olewa. Surveyor alipofika hatimaye, muda mrefu baadaye, alipima akaikuta pale pale, akainyoosha na kuongeza zege.

Sasa fikirini, wakuu. Tungechimba kwa jembe kwenye ile signal ya mahindini, tungeigonga au tungeivuta. Mguu wake ungetoka kwenye zege. Omong'ina angekosa ushahidi wake, na mimi ningeitwa mwizi wa mpaka na nisingekuwa na la kujitetea. Kile kidude kilichonipokonya shamba ndicho kilichoniokoa jina. Vyote viwili kwa asubuhi moja.

Idi sikuongea naye kwa miezi miwili. Ndiyo, nilinuna. Nilikuwa kijana mjinga. Halafu nikapanda kwenda mjini nikamkuta ameinamia redio ya mtu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alivuta kigoda kingine kwa mguu, akasema, "Nishikie hapa, huu waya unatoroka."

Nikashika.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Kwa miaka iliyofuata tulitembea pamoja, Ekerenyo, Marani, hadi kule juu kwenye majani chai, tukitafuta pini na mabomba. Alinifundisha kusikiliza ncha ya mwanzi na kupuuza ubavu wake. Alinifundisha kuupima udongo uliotoa kabla ya kuongeza shimo. Na kila alipopata target, yaani kile tulichoitwa kutafuta, alimpa earphone kwanza yule ambaye hakutuita. Sikuwahi kumwona akisahau hilo, hata mara moja.

Mungu amrehemu.

Pinpointer za siku hizi nimezishika. Zinatetemeka mkononi, zina taa, unaweza kuzitia majini. Ni nzuri sana, sina ubishi. Nunueni. Lakini msije mkadhani kazi yake ni kukuharakishia. Kazi yake ni kukufanya uchimbe kidogo, polepole, bila kuharibu unachokitafuta wala mahali ulipokikuta. Mahali penyewe huwa ndipo penye ukweli, kuliko hata chuma.

Na ukishasikia, mpe na mwenzako asikie.

Moraa anasema nimesahau kuandika kwamba yeye aliniuliza mapema kama pini itatokea kwingine. Mama, nimeandika, rudi juu usome.

Nawaachia uwanja, wakuu. Kuna yeyote humu amewahi kutafuta kitu huku moyoni anaomba asikipate? Ulifanya nini ulipokipata? Andikeni bila aibu, mimi nimeshatangulia kujivua nguo. Nitasoma yote, miwani ninayo.